Anasoma, Hana Habari Nasi

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Tanga. Marehemu baba yangu mdogo alisomea uhandisi Urusi miaka ya 1980, na katika vitu alivyoniachia mna bulungutu la kadi za posta zenye picha za makumbusho ya kule. Moja nimeikuza na kuitia fremu, ipo maktaba ya shule: mwanamke wa Kizungu ameketi bustanini, gauni linang'aa, anasoma kitabu. Nyuma ya kadi kuna maandishi ya Kirusi ambayo hapa hakuna anayeyajua, nami nimekupigia picha nikakutumia. Mwenzangu wa hisabati anasema hiyo ni fotografia iliyopakwa rangi, na kwamba ukishaita mchoro "uhalisia" umekiri kuwa mchoraji ameigiza kamera. Mwingine anasema haiwezi kuwa picha ya mtu kwa sababu macho hayaonekani. Ni nani huyu mama, na nani mkweli kati yao? Tena nina mwanafunzi wa kidato cha pili anayetaka kumchora mama yake akisoma. Nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kadi yako nimeisoma. Mstari wa kwanza ni jina la mchoraji, Ivan Kramskoi. Wa pili maana yake ni kama "Akiwa katika kusoma", kisha inafuata: picha ya Sofia Nikolaevna Kramskaya. Kramskoi na Kramskaya ni ukoo mmoja, ila Warusi jina la ukoo la mwanamke huliwekea mwisho wake. Kwa hiyo huyo mama uliyemtundika maktaba ni mke wa mchoraji. Picha yenyewe ni ya rangi za mafuta juu ya turubai, ilichorwa nusu ya pili ya miaka ya 1860, na ipo Jumba la Picha la Tretyakov mjini Moscow. Si kubwa, ni kama sentimita 64 kwa 56. Kama fremu yako imefika ukubwa wa mlango wa kabati la vyombo, basi umemkuza kuliko mumewe alivyomkuza.

Nianze na mwenzako wa hisabati, kwa sababu bila kujua amegusa jambo ambalo Kramskoi alilijua kwa mikono yake. Kabla hajawa mchoraji wa kuitwa mchoraji, alikuwa fundi katika biashara ya kamera. Alizaliwa 1837 katika mji mdogo wa Ostrogozhsk, kusini mwa Urusi, mtoto wa karani. Akiwa na miaka 16 aliondoka na mpiga picha aliyekuwa akizunguka miji na mashine yake, na kazi ya kijana ikawa kukaa na brashi nyembamba na rangi za maji akizirekebisha picha baada ya kutoka. Alifika Saint Petersburg 1856, mwaka uliofuata akaingia Akademia ya Sanaa, na muda wote anaosoma riziki yake ilikuwa ikitoka kwenye studio za picha za mji huo, ambako alisifika kwa wepesi wa mkono.

Fikiria fotografia ya siku zile. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kwenye mashine kingali kimelowa, na mteja akaambiwa asitikisike kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kichwa kimeegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma. Rangi hamna. Mtu akipepesa, macho yanatoka ukungu. Hapo ndipo alipohitajika fundi wa kurekebisha: aikaze mboni, atie kile kidoa cheupe cha nuru, apunguze uchovu uliokaa chini ya macho. Huyu bwana alikula jasho lake kwa kuwarudishia watu macho ambayo kamera imeyapoteza. Halafu siku anapomchora mkewe, kwa hiari yake, bila mteja wa kumdai, anachagua saa ambayo macho yameinamia kitabu na hatuyaoni. Mimi jambo hilo siwezi kulichukulia kuwa la bahati.

Tazama pia wakati wenyewe. Jua limeshashuka. Majani nyuma yake yameanza kugeuka meusi, na nuru iliyobaki imeshika uso, mkono, kitabu na gauni. Kwa kamera ya miaka ile mama huyu angelazimika kukaa kama kisiki kwa muda mrefu, na bado ile rangi ya gauni, ambayo ni kijivu chenye zambarau ndani yake, ingetoka kahawia tupu kama chai iliyomwagika. Mwambie mwenzako hesabu yake imeanzia upande wa jibu. Kramskoi aliijua kamera, akajua inapokomea, akaenda kuchora palepale inapokomea.

Lakini kosa lake kubwa liko kwenye neno "uhalisia", na hapa wewe ungemjibu vizuri kuliko mimi kwa kuwa unafundisha fasihi. Riwaya ya uhalisia huitambui kwa wingi wa maelezo ya viti na masufuria. Unaitambua kwa kuangalia ni watu gani wameruhusiwa kuwa na hadithi, na kama wanaishi kwa sababu zinazoeleweka au kwa miujiza. Kwenye uchoraji ni vivyo hivyo. Wapo wachoraji wa Akademia waliochora kila unyoya wa bawa la malaika kwa ustadi wa kutisha, kila mshipa wa jani, na hakuna aliyewaita wanauhalisia. Swali lilikuwa: nani anastahili turubai, na akiwa anafanya nini?

Kwa Urusi swali hilo lilipasuka hadharani tarehe 9 Novemba 1863, kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule. Wanafunzi 14 wa Akademia walikuwa waingie kushindania medali kubwa ya dhahabu, medali iliyobeba miaka kadhaa ya kulipiwa gharama za kuishi na kuchora nje ya nchi. Somo walilopewa ni karamu ya miungu ya kale ya Skandinavia katika ukumbi wa Valhalla. Waliomba kila mmoja ajichagulie somo lake. Wakakataliwa. Wakatoka, wakaacha medali, safari na posho, na wakawekwa chini ya macho ya polisi. Msemaji wao alikuwa Kramskoi, kijana wa miaka 26. Tangu hapo wakajiundia ushirika, wenyewe waliuita arteli: nyumba moja ya kupanga, meza moja ya chakula, kazi za kuchora sura za watu na picha za kanisani zinapokelewa kwa pamoja na mapato yanagawanywa. Baadaye, 1870, Kramskoi akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichochukua maonyesho ya picha kutoka mji hadi mji, na onyesho la kwanza likafunguliwa 1871. Hayo ndiyo mazingira ya kadi yako. Mtu aliyekataa kuchora miungu ya Valhalla amerudi nyumbani akamchora mkewe na kitabu.

Hapo uzito wake hauonekani mpaka ujue kitabu kilikuwa kikifanya kazi gani kwenye picha za zamani. Wanawake wasomao wamo tele katika michoro ya Ulaya kwa mamia ya miaka. Bikira Maria anasoma malaika anapomjia na habari. Maria Magdalena anasoma. Yuko mmoja mzuri sana wa mchoraji Rogier van der Weyden pale National Gallery, jumba la picha la London, wa karne ya 15, na pembeni yake kuna chupa ya marhamu ili usimkosee. Kitabu hicho ni alama, kama taji kwa mfalme au funguo kwa Petro. Hakihitaji kusomwa hasa. Kinatuambia tu: huyu ni mtakatifu, huyu ametubu.

Kitabu cha Sofia hakimtangazi mtu yeyote. Kurasa zimemwelekea yeye, na mumewe hakutuandikia hata herufi moja ya kuturidhisha. Ni kitabu cha mtu anayetaka kujua kinachofuata.

Na kwa Urusi ya wakati huo mwanamke aliyezama kitabuni hakuwa pambo la bustani. Watumwa wa mashamba waliachiwa 1861. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya vyuo vikuu iliwafungia wanawake mlango waliokuwa wameanza kuupenya, na wasichana waliokuwa na uwezo wakawa wanakwenda Zurich, Uswisi, kutafuta elimu ya juu. Kozi za juu za wanawake mjini Saint Petersburg, zile maarufu za Bestuzhev, zilianza 1878. Kwa hiyo katikati ya 1863 na 1878, kwa wengi wao, chuo kikuu kilikuwa hicho hapo: kiti, saa moja ya jioni, na kitabu. Sidai kwamba Kramskoi alichora bango la siasa. Nasema tu kwamba waliomjua walijua anachokiona.

Sasa Sofia mwenyewe. Alizaliwa 1840, jina la kwao Prokhorova. Kabla ya Kramskoi alikuwa ameishi na mchoraji mwingine ambaye alikuwa na mke wa ndoa, naye akaenda zake nje ya nchi akamwacha Sofia na maneno ya watu. Unajua mwenyewe maneno ya watu yanavyokaa juu ya mwanamke. Saint Petersburg ya 1862 haikuwa tofauti sana na mtaa wowote. Kramskoi akamwoa, na marafiki zake kadhaa hawakufurahi. Arteli ilipoanza, ni Sofia aliyeangalia mambo ya nyumba yote ile: chakula cha kundi la wachoraji vijana, wageni wa Alhamisi jioni waliokuja kuchora na kubishana, na juu ya hayo watoto wake wadogo. Binti yake, aliyeitwa Sofia kama mama, alizaliwa 1866 na yeye akaja kuwa mchoraji.

Basi rudi kwenye picha ukiwa na hayo. Mwanamke ambaye macho ya watu yamemkalia miaka kadhaa, na ambaye kutwa anaitwa na kila mtu, sufuria huku, mtoto kule, hapa amekaa na hamna anayemwita. Hata sisi hatumwiti. Hana habari nasi. Huo ni usomaji wangu wa picha, na mwenzako wa hisabati ana haki ya kuukataa, lakini sioni kwa nini mume anayejua kuchora macho vizuri hivyo ayaache yalipo.

Na hilo linanifikisha kwa mwenzako wa pili, anayesema picha isiyo na macho si picha ya mtu.

Naelewa anakotoka. Sote tumekulia kwenye picha za studio. Tafuta za babu zetu, za Mombasa, za Tanga, za Zanzibar: mtu ameketi kwenye kiti cha kuchonga, nyuma pazia lenye bustani ya kuchorwa, pembeni redio au chombo cha maua ya plastiki, na mkononi kitabu. Macho mbele, yametukazia. Kitabu kile kimeshikwa, wakati mwingine hata hakikufunguliwa, kwa sababu kazi yake ni kusema "mimi ni mtu wa elimu", na ujumbe huo unatumwa kwetu. Ni picha nzuri, nazipenda, na zimejaa heshima. Ila mtu wa kwenye picha ile anakutana na mtazamaji. Amevaa kwa ajili yake, amekaa kwa ajili yake. Tumezoea mkutano huo mpaka tunadhani ndio mtu mwenyewe.

Kramskoi alijua kuchora mkutano huo vilevile. Huenda katika bulungutu lako imo kadi ya mwanamke mwingine, amevaa manyoya na kofia yenye unyoya mweupe, ameketi kwenye gari la farasi la wazi. Hiyo ni picha yake ya 1883, inaitwa Asiyejulikana, nayo iko jumba lilelile. Bibi yule anatutazama kutoka juu, kope zimelegea kidogo, kama anayengoja tumpishe njia. Macho yanaonekana yote mawili, yamechorwa hata unyevu wake. Na jina lake hatuna, mchoraji hakuliandika. Zilaze kadi hizo mbili mezani mbele ya mwenzako umwulize: kati ya hawa, yupi unaona unamjua zaidi? Mwenye macho hakutupatia kitu. Aliyeyainamisha tumeshajua jinsi anavyokaa akiwa peke yake, na hilo katika maisha ya kawaida ni wachache sana wanaoruhusiwa kuliona.

Hata hivyo nisimpambe mno. Kuna mahali ambapo mwenzako wa hisabati angeweza kunibana kama angejua pa kushika. Hiyo picha si uhalisia mkavu. Gauni linang'aa kupita mahitaji, na majani yamepangwa kwa adabu kumzunguka mama. Kuna harufu ya shairi la mapenzi pale, na mkono wa mtu anayejionyesha: tazameni ninavyojua kuchora satini! Mwanauhalisia mkali angemchora Sofia ndani, jikoni, kitabu kimeegemezwa kwenye birika. Mimi sikasiriki; alikuwa anamchora mkewe. Lakini ukitaka kuona jambo lilelile likifanywa bila sukari, mtafute Henri Fantin-Latour.

Huyo ni Mfaransa, alizaliwa Grenoble 1836, mwaka mmoja kabla ya Kramskoi. Mama yake alikuwa Mrusi, ila hilo ni sadfa. Hakuwa na fedha za kulipa watu wa kumkalia, akawa anawachora dada zake wawili, Marie na Nathalie, na tena anajichora mwenyewe kwenye kioo. Mwaka 1861 alimchora Marie akisoma. Picha hiyo iko Jumba la Makumbusho la Orsay, Paris, na ni kubwa kuliko ya Kramskoi, sentimita 100 kwa 83. Hakuna bustani wala jua kuzama. Ni chumba, rangi chache zilizotulia, na msichana anayesoma basi.

Picha iliyotangulia hiyo ndiyo inayoniumiza. Ni ya 1859, leo ipo Saint Louis, Marekani, na majaji wa onyesho kubwa la Paris la mwaka huo waliikataa. Dada wote wawili wamo. Marie anasoma. Nathalie ameketi kwenye fremu ya kutarizi, nyuzi zipo, sindano ipo, lakini macho yake yameondoka kwenye kazi na hayakufika popote. Mwaka huohuo Nathalie alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Fantin hakuchora ugonjwa. Alichora mmoja aliyezama kwenye kitu na mwingine ambaye hakuna kitu kinachoweza kumshika, wamekaa hatua moja tu kati yao. Ukiitazama hiyo unafahamu kwa nini wachoraji wa kizazi kile walikirudia kitabu mara nyingi hivyo. Wafaransa wenzake, Corot alikichora, Courbet alikichora. Kusoma ni karibu kazi pekee ambayo mtu huifanya bila kusogea na bila kuigiza. Anayetulizwa kwa amri uso wake unakufa baada ya dakika 10. Anayesoma anatulia mwenyewe, na uso unaendelea kuishi.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba Kramskoi naye alikuja kulichora lile la Nathalie, kwa njia yake. Miaka ya 1870 yeye na Sofia walifiwa na watoto wawili wa kiume. Akahangaika na turubai baada ya turubai mpaka 1884 ikatoka ile inayoitwa Huzuni Isiyofarijika. Hiyo ni kubwa, ina urefu wa zaidi ya mita mbili. Mwanamke wa makamo amevaa nguo nyeusi, amesimama kando ya pazia, leso imebanwa mdomoni, maua ya msiba miguuni. Sura aliyompa ni ya Sofia. Macho sasa yapo wazi, tena wazi kabisa, na hayatazami kitu. Kama baba yako mdogo alinunua mkoba mzima wa kadi za Tretyakov, kuna uwezekano mkubwa hiyo nayo imo humo ndani. Sikushauri uitundike maktaba. Ila itazame siku moja pamoja na ile ya bustani, kwa dakika chache, mlango ukiwa umefungwa.

Haya, mwanafunzi wako.

Kwanza mama apewe kitabu anachokitaka yeye. Kikiwa Biblia, sawa, msahafu, sawa, riwaya ya mapenzi iliyochanika jalada, bora zaidi. Asipewe kitabu cha shule kwa sababu kinapendeza kwenye picha, maana hapo mtoto atachora mtu aliyeshika kitu. Kisha mtoto akae kimya kama robo saa bila kugusa penseli. Mwanzoni mama atakuwa anajua anatazamwa, mabega yatakuwa juu. Yakishuka, ndipo aanze.

Mama akae karibu na dirisha, nuru imjie ubavuni. Mchoraji chipukizi hudhani nuru yote inatoka dirishani, lakini kitabu kilichofunguliwa ni kioo. Ukurasa mweupe unarudisha mwanga chini ya kidevu, chini ya pua, kwenye mdomo wa juu, mahali ambapo kwa kawaida pana kivuli. Huo mwanga mdogo wa kutoka chini ndio unaotuambia kwamba mtu na kitabu vimo katika jambo moja. Bila huo, kitabu kitaonekana kimebandikwa baadaye.

Macho ndiyo magumu, na makosa ni yaleyale kila mahali: mtoto atachora mama aliyelala. Mwambie jicho ni duara hata likiinama. Achukue chungwa, alifunike kwa khanga laini, atazame kitambaa kinavyopanda na kushuka. Ukope wa juu unafanya hivyo juu ya jicho. Kwa aliyelala, ukope umefika chini na umelegea. Kwa anayesoma umesimama kabla ya kufika, na unabaki mstari mwembamba wa giza kati ya kope za juu na za chini. Mstari huo ukiwa mnene kidogo tu, mama ameamka na anatutazama. Ukikosekana, amesinzia. Afute na kurudia mara 20 ikibidi. Kramskoi alikuwa amerekebisha macho ya watu wasiohesabika kabla hajathubutu hilo.

Kama mama huvaa miwani ya kusomea, asivuliwe. Kama ana kawaida ya kuuma mdomo au kushika shavu, aachwe. Mkono autazame vizuri: kidole gumba kimelala juu ya ukurasa kwa uzito mdogo sana, kazi ya kubeba inafanywa na vidole vinne vilivyo nyuma ya jalada. Anayejipigisha picha hukishika kitabu kwa nguvu, gumba limekakamaa. Herufi zisichorwe hata moja, michirizi hafifu ya kijivu inatosha. Akiandika maneno, watu watasogea kusoma kitabu na kumsahau mama. Ukutani nyuma asihangaike na kalenda na saa. Rangi moja iliyochoka kidogo itamfaa.

Na mama atageuza ukurasa, hilo haliepukiki. Mkono utahama, kichwa kitapanda kidogo kisha kishuke tena. Mtoto asimwambie aurudishe.